Binti Anapochagua Kazi Tusiyoijua

Tukiulizwa tungependa binti zetu wawe nani, majibu yetu karibu yote hufanana. Tutasema daktari, mwalimu, mhasibu wa benki, hakimu, au muuguzi kama sisi. Hizo ndizo kazi tunazoziona. Daktari tunamwona wodini, mwalimu tunamwona akiwa na chaki mkononi, na mhasibu tunamkuta dirishani tukienda kuchukua mshahara. Lakini ziko kazi nyingine ambazo hatuzioni, ingawa matunda yake yamo jikoni mwetu, kwenye kabati la dawa, na hata katika nguo tunazojifunga kiunoni.

Moja ya kazi hizo ni ya wakili wa hataza na alama za biashara. Tumeona tuizungumze mwezi huu kwa sababu iliingia katika nyumba ya mwenzetu mmoja ikaleta maneno mengi, na baadaye ikatugusa sote wa kikundi chetu cha akina mama kanisani. Sisi ni wauguzi, walimu na mama wa nyumbani, sheria hatukusomea. Haya tunayoeleza tumeyapata kwa kuuliza, na mengine yalitufika wenyewe.

Kemia, kisha sheria?

Mwaka 2013 mwenzetu huyo, ambaye tumefanya naye zamu za usiku kwa miaka mingi, alitujia akiwa na huzuni. Binti yake wa kwanza alikuwa amemaliza shahada ya kemia na kupata kazi katika maabara. Baba yake alikwisha kuwatangazia ndugu wote. Kumbe binti alikuwa amejaza fomu za kurudi chuoni kusoma sheria, tena kwa miaka minne mingine. Baba alikasirika akasema, "Umesoma kemia kwa jasho la shamba letu, sasa unataka kwenda kuwatetea wezi?" Tangu siku hiyo baba na binti walikuwa wakisalimiana tu.

Mama naye alikuwa na hofu yake. Wadogo watatu walikuwa bado shuleni. Binti alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na mawifi walikwisha kuanza kuuliza ataolewa lini. Mwenzetu alituomba tukazungumze na huyo mtoto, kwa kuwa sisi ni mama zake pia.

Tulikwenda watatu siku ya Jumamosi. Binti alitupokea kwa adabu. "Shikamooni mama zangu." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Tulipokwisha kunywa chai, mkubwa wetu alimwuliza bila kuzunguka: "Mwanangu, maabara ina ubaya gani?"

Alijibu kwamba maabara haina ubaya wowote. Ila katika masomo yake alikuwa amesoma habari moja iliyomkosesha usingizi. Mwaka 1995 ofisi ya hataza ya Marekani ilitoa hataza kwa chuo kikuu cha tiba cha Mississippi juu ya kutumia manjano kuponya vidonda. Manjano haya haya! Sisi wa pwani tunamsinga nayo bibi harusi, na bibi zetu walikuwa wakiweka manjano kwenye jeraha. Kwa Wahindi dawa hiyo ni ya tangu kale. Baraza la utafiti wa sayansi la India lilipinga, likapeleka maandishi ya zamani kuthibitisha kwamba jambo hilo halikuwa jipya, na mwaka 1997 hataza hiyo ikafutwa.

"Mama," akasema, "waliofanya kazi ile ni watu wanaojua sayansi na wanaojua sheria. Mmoja akijua sayansi tu, hawezi. Akijua sheria tu, naye hawezi. Kwetu watu wa namna hiyo ni wachache. Mimi sayansi ninayo tayari. Nikiongeza sheria, nitakuwa nimekamilika."

Tulikaa kimya. Halafu mkubwa wetu akasema, "Hebu tueleze vizuri, ili tukirudi kwa baba yako tuwe na la kusema."

Hataza ni nini, na alama ni nini?

Alitueleza hivi. Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili kwa muda fulani mtu mwingine asitengeneze wala kuuza uvumbuzi wake bila ruhusa. Kwa kawaida muda huo hauzidi miaka 20 tangu siku ya kuomba. Kwa kulipia haki hiyo, mvumbuzi hueleza siri yake yote katika maandishi, na muda ukiisha kila mtu anaruhusiwa kuitumia. Ili kitu kipate hataza ni lazima kiwe kipya duniani, kiwe na hatua ya ubunifu ambayo fundi wa kawaida asingeifikia kwa urahisi, na kiweze kutumika katika viwanda au kilimo.

Alama ya biashara ni jambo jingine. Ni jina, picha au mchoro unaomwezesha mnunuzi kujua bidhaa hii imetoka kwa nani. Alama haina haja ya kuwa uvumbuzi. Inachotakiwa ni kutofautisha. Nayo ikilipiwa kila muda wake unapofika, yaweza kuishi kuliko mwenyewe.

Hapo tulicheka, maana sisi akina mama tunaziua alama za watu kila siku bila kujua. Tunafika dukani tunasema, "Nipe Colgate," tukipewa ya kampuni nyingine tunapokea. Tunasema Blue Band kwa siagi yoyote ya mkebe, na Omo kwa sabuni yoyote ya unga. Jina likitumika hivyo na watu wote, mwenyewe aweza kulipoteza. Aspirin lilikuwa jina la kampuni ya Bayer ya Ujerumani. Nchini Marekani mahakama iliamua mwaka 1921 kwamba kwa wanunuzi wa kawaida limekwisha kuwa jina la dawa yenyewe. Wodini tunaliona jambo hili kila siku: parasetamo ni jina la dawa, Panadol ni jina la biashara, lakini mgonjwa atakuambia parasetamo hazimfai, anataka Panadol.

Kazi yenyewe inavyofanyika

Baba mtu alidhani kila wakili husimama mahakamani akipaza sauti. Wakili wa hataza na alama hutumia siku nyingi mezani, akisoma na kuandika. Kesi zipo, lakini kazi kubwa ni kuzuia kesi zisitokee.

Kwa upande wa hataza, mvumbuzi anapokuja, wakili kwanza humsikiliza kama sisi tunavyosikiliza maelezo ya mgonjwa. Kitu kinafanyaje kazi? Umemwonyesha nani? Swali hili la pili ni zito, kwa sababu mtu akiutangaza uvumbuzi wake hadharani kabla ya kuomba, anaweza kukosa haki kabisa kwa kuwa si mpya tena. Kisha wakili hutafuta kumbukumbu za hataza za nchi mbalimbali aone kama kuna aliyetangulia. Ndipo huandika.

Sehemu ngumu kuliko zote inaitwa madai. Ni sentensi zinazoweka mipaka ya haki, kama vigingi vya shamba. Binti alitupa mfano wa jiko. Tuseme fundi amebuni jiko la mkaa lenye matundu manane yaliyopindwa ili lisile mkaa mwingi. Wakili akiandika "jiko lenye matundu manane," kesho jirani atatoboa tisa na hutampata. Akiandika "jiko lenye matundu," ombi litakataliwa, maana majiko yenye matundu yapo tangu zamani. Ni lazima ajue hasa ni kitu gani kinachopunguza mkaa. Ni idadi? Ni upana? Ni ule mpindo? Akishajua, aandike hilo kwa maneno yasiyozidi wala kupungua. Hapo ndipo kemia na fizikia zinapohitajika.

Sisi wauguzi tulifurahi sana kusikia habari za mwenzetu mmoja wa Marekani, Marie Van Brittan Brown, muuguzi aliyeishi Queens katika jiji la New York. Alikuwa akiingia na kutoka nyumbani saa zisizo za kawaida kama sisi sote wa zamu, na mtaa wao haukuwa salama. Yeye na mumewe Albert walibuni mtambo wenye kamera mlangoni na televisheni ndani, ili aone anayebisha kabla ya kufungua, na aweze kuita msaada kwa kubonyeza kitufe. Waliomba hataza mwaka 1966 wakapewa mwaka 1969. Muuguzi wa zamu! Na nyuma ya karatasi za namna hiyo kwa kawaida yupo aliyekaa mezani akapanga maneno ya madai.

Kwa upande wa alama, wakili hutafuta kwanza kama jina limekwisha kuchukuliwa, huchagua fungu la bidhaa kati ya mafungu 45 yanayotumika duniani, hupeleka ombi, hujibu hoja za ofisi, na hupinga maombi ya wengine yanayofanana na alama za wateja wake. Tanzania Bara ofisi hiyo ni Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, yaani BRELA. Kwa Zanzibar upo usajili wake wenyewe, na Kenya wana taasisi yao ya KIPI. Alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Zanzibar wala Nairobi mpaka uombe na huko. Lipo pia shirika la nchi nyingi za Afrika liitwalo ARIPO, lenye makao Harare, ambako ombi moja laweza kugusa nchi kadhaa.

Yaliyoupata unga wetu

Binti alikwenda kusoma. Aliajiriwa nusu siku katika maabara ile ile akajilipia sehemu ya ada, na mama yake akaingia vikoba. Baba alinyamaza. Mwaka 2019 aliapishwa kuwa wakili, na mwaka uliofuata sisi tukawa miongoni mwa wateja wake wa kwanza, tena wa bure.

Kikundi chetu husaga unga wa lishe kwa ajili ya watoto. Tulianza kwa sababu ya yale tuliyokuwa tukiyaona kliniki: kadi zenye mstari unaoshuka, watoto wa miezi minane wanaonyweshwa uji mweupe mtupu. Tunachanganya mahindi, ulezi, soya na karanga, tunachambua, tunaosha, tunakausha juu ya turubai safi, na karanga tunazitazama moja moja kwa sababu zenye ukungu zina sumu. Fedha zinazopatikana huwalipia ada watoto yatima wa mtaa.

Tulitaka kuuita unga wetu "Lishe Bora." Wakili wetu akatikisa kichwa. "Mama zangu, 'lishe' ni kitu chenyewe na 'bora' ni sifa. Maneno hayo ni ya kila mwuza unga, hamwezi kumzuia mtu kuyatumia. Tafuteni jina lisilohusiana na unga." Tukachagua jina la ndege mdogo anayeimba alfajiri huku kwetu, na binti mmoja wa kwaya akamchora. Alitafuta katika kumbukumbu, hakukuta mwingine, akapeleka ombi BRELA. Likakaguliwa, likatangazwa katika jarida lao ili mwenye kupinga apinge ndani ya siku 60, hakutokea mtu, tukapata cheti.

Alitufundisha pia kutofautisha. Alama ya ubora ya TBS yasema bidhaa imefikia viwango. Leseni yaruhusu kufanya biashara. Namba ya mistari ni ya kuhesabia dukani. Zote hizo hazikupi haki ya jina. Tulikuwa na wenzetu wa kikundi kingine waliodhani wakishapata TBS jina ni lao.

Mwaka 2022 mama mmoja alileta mtoto kliniki akiwa ameharisha kwa siku mbili, macho yameingia ndani na ngozi ikivutwa hairudi upesi. Tulimpa maji ya chumvichumvi na sukari, tukampeleka wodini. Tulipomwuliza mama amemlisha nini, alijibu kwa kujiamini, "Uji wa unga wenu." Siku ya pili akaleta mfuko. Ndege alikuwepo, jina lilikuwepo, lakini karatasi ilikuwa nyembamba na unga ulinuka uvundo. Haukuwa wetu. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameona mifuko yetu inatoka, akachapisha inayofanana, akajaza anachojua mwenyewe.

Mtoto alipona, tunashukuru. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ni unga ule uliomharisha, kwani maji nayo huleta hayo. Lakini fikirini wenzetu: mama yule alitununua sisi. Hakununua unga tu, alinunua imani yake kwa wauguzi anaowaona kila mwezi. Akapewa kitu kingine chini ya jina letu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya kimejifunza kujivika nguo za kizuri.

Tungekuwa hatuna cheti tungebaki kulalamika barazani. Wakili wetu aliandika barua ya ukurasa mmoja, akaambatanisha nakala ya cheti, akaeleza sheria inasemaje na muda wa kuiondoa mifuko yote sokoni. Akatueleza kwamba mtu huyo asipotii, tutakwenda mahakamani, na tutatoa taarifa Tume ya Ushindani inayoshughulika na bidhaa bandia. Haikufika huko. Mifuko iliondolewa, na ile iliyobaki ilichomwa mbele yetu.

Baba wa binti alikuwepo siku ile ya kuchoma. Alishika ule mfuko wa uongo, akaugeuza, akaulizia mambo mawili matatu. Jioni yake alimpigia simu binti yake, na mama anasema walizungumza mpaka salio likaisha.

Upande mwingine wa kazi hii

Hatupendi kuwapamba akina mama kwa upande mmoja tu. Sisi wauguzi tunazo sababu za kuiangalia hataza kwa macho mawili.

Wale kati yetu waliokuwa mafunzoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanakumbuka wodi za wakati ule. Wagonjwa wa UKIMWI walilala wawili kitanda kimoja na wengine chini. Dawa za kupunguza makali zilikuwepo duniani, lakini kwetu zilikuwa kama hadithi. Mwaka 2000 dawa hizo ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa hataza, kwani mwenye nayo hana wa kushindana naye kwa bei. Mwezi wa Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India, nchi ambayo wakati huo haikutoa hataza za dawa zenyewe, ilijitolea kuziuza kwa dola 350 kwa mwaka.

Kule Afrika Kusini, kampuni 39 za dawa zilikuwa zimeishtaki serikali tangu mwaka 1998 kwa sababu ya sheria iliyolenga kupunguza bei. Dunia ilipaza sauti, na Aprili 2001 zikaiondoa kesi. Novemba mwaka ule ule, nchi wanachama wa Shirika la Biashara Duniani zilikubaliana huko Doha kwamba mkataba wa haki za ubunifu usizuie nchi kulinda afya ya watu wake. Kwetu Tanzania dawa zilianza kutolewa bure mwaka 2004. Sisi tulioshuhudia mgonjwa akiinuka kitandani, akavaa viatu na kurudi shambani, hatuwezi kusahau.

Tulimwuliza binti, "Ungekuwa upande gani?" Hakukwepa. Alisema katika kila kesi ya namna ile kulikuwa na mawakili wa hataza pande zote mbili, na bila wale waliosoma sheria neno kwa neno, serikali zisingejua ni mlango gani uliokuwa wazi. Akaongeza kwamba mvumbuzi wa dawa naye asipopata chochote, kesho hatavumbua. Mahali pa kuweka mzani ndipo penye ugomvi, na ugomvi huo bado haujaisha.

Na si dawa tu. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajiliwa neno "Kikoy" kuwa alama yake. Kikoi chetu! Wakenya walipinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft na mawakili wa kujitolea, na ombi hilo likaanguka. Maneno "Hakuna Matata" nayo kampuni ya Disney iliyaombea Marekani mwaka 1994 na kuyasajili mwaka 2003 kwa ajili ya nguo. Usajili huo haumzuii mtu kuyasema, ila mwaka 2018 watu wengi sana walitia sahihi kuulalamikia. Maneno ya bibi zetu yana soko, na inafaa tuwe na watoto wanaojua njia za soko hilo.

Njia ya kufika

Akina mama wengi wametuuliza mtoto apitie wapi. Kwa Tanzania njia ya kawaida ni shahada ya sheria, kisha mafunzo ya vitendo katika Shule ya Sheria kwa Vitendo iliyofunguliwa mwaka 2008, kisha mitihani, na kuapishwa mbele ya Jaji Mkuu. Baada ya hapo mtu hujifunza chini ya wakili mzoefu wa alama na hataza. Anayetaka kuendelea aweza kusoma shahada ya uzamili ya haki za ubunifu. Chuo Kikuu cha Africa University kilichoko Mutare, Zimbabwe, kimekuwa kikiifundisha kwa kushirikiana na ARIPO tangu mwaka 2008, na Watanzania wamepita huko.

Nchi nyingine zina taratibu zao. Marekani, anayetaka kuwa wakili wa hataza lazima awe na elimu ya sayansi au uhandisi, asome sheria, na afaulu mtihani maalumu wa ofisi ya hataza mbali na ule wa uwakili. Uingereza, wengi huanza na shahada ya sayansi na kujifunza sheria kazini kwa miaka kadhaa huku wakifanya mitihani migumu. Kwa hiyo binti anayependa fizikia, kemia au baiolojia asiambiwe kwamba sheria si yake. Na anayependa kuandika asidharau hesabu.

Nyumba na kazi

Najua swali la wengi wenu: je, kazi hii inamruhusu mwanamke kuwa na nyumba? Binti yetu ameolewa na ana mtoto mmoja. Anasema faida yake ni kwamba haina zamu za usiku kama zetu, na kazi nyingi zaweza kufanywa mezani nyumbani mtoto akilala, maana maombi mengi siku hizi hupelekwa kwa kompyuta. Ugumu wake ni tarehe. Aliyeomba hataza nchi moja ana miezi 12 ya kuomba nchi nyingine huku akihesabiwa siku ile ya kwanza. Kwa alama ni miezi sita. Siku ikipita, mteja anaweza kupoteza haki ambayo hairudi. Hivyo huishi na daftari la tarehe kama sisi tunavyoishi na chati ya dawa: saa sita ni saa sita.

Jambo jingine ni siri. Mvumbuzi humwambia wakili kitu ambacho hajamwambia hata mkewe. Wakili akikitaja sokoni, amemwangamiza. Mume wa wakili huyu amezoea kumwona mkewe akifunga jalada anapoingia sebuleni, na haulizi. Sisi tuliolelewa katika siri ya mgonjwa tunaielewa nidhamu hiyo, na tunaweza kuwafundisha watoto tangu wadogo: linalosemwa chumbani lisitoke barazani.

La kufanya

Wenzetu wenye binti, na hata wavulana, watazameni. Kuna mtoto anayefungua redio aone ndani kuna nini, na kuna mtoto anayebishana juu ya maana ya neno moja mpaka mnachoka. Ukiona mambo hayo mawili yamekutana kwa mtoto mmoja, usimkemee tu. Mtafutie vitabu, na mpeleke kwa mtu anayeijua kazi hii amsikilize.

Na ninyi wenye vikundi vya sabuni, batiki, asali, viungo au unga, msingoje biashara ikue. Kaeni kikao kimoja mchague jina lisiloeleza bidhaa yenyewe. Tafuteni kama limechukuliwa. Peleka ombi, na kama hamna uwezo wa kulipa wakili, mwulizeni ofisa wa BRELA au ofisa biashara wa wilaya awaelekeze. Aliyebuni kifaa kipya asikipeleke kwenye maonyesho ya Nanenane kabla hajapata ushauri. Mali bila daftari, wote tunajua, hupotea bila habari.

Cheti chetu kinatumika miaka saba ya kwanza tangu siku ya kuomba, na baada ya hapo hulipiwa kila miaka kumi. Tumekiweka kwenye fremu katika chumba cha kusagia, na chini yake mweka hazina ameandika kwa wino mwekundu mwaka 2027, ili hata tukihamishwa vituo vya kazi, watakaobaki wajue siku ya kulipa.